Je, Kulipa Karo Ndiko Kulea?

Tuseme mna mtoto kiziwi. Mmempatia shule ya bweni ya viziwi, na baba hulipa karo kila muhula hata ikibidi auze ndama. Je, baba huyo ametimiza wajibu wake? Wengi watajibu upesi kwamba ametimiza, tena anastahili sifa. Mimi nasema bado.

Tazameni likizo inapofika. Mtoto anarudi na lugha yake mikononi, yaani Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya mwaka 2010 inaiagiza serikali kuikuza. Mama amejikaza akajifunza kidogo. Baba hajui ishara hata moja. Akitaka kumtuma maji humwita mama: "Hebu mwambie huyu." Wakati wa chakula watu wanacheka, mtoto anauliza kuna nini, naye anaashiriwa ale tu. Basi anaanza kuhesabu siku za kurudi shuleni, na wazazi wanafurahi kwamba anapenda masomo!

Siku ya ndoa mliulizwa kama mtapokea watoto kwa upendo na kuwalea. Mliitikia wawili. Mama hawezi kuitimiza ahadi hiyo kwa niaba ya baba, kama vile hawezi kumpokelea Komunyo.

Mtaniambia kwamba baba hutoka alfajiri, na walimu wapo. (Sisi wanaume hatukosi kazi ya kusingizia.) Lakini mtoto anayesikia huingia chekechea akiwa na maneno mengi aliyookota jikoni na shambani bila kufundishwa. Viziwi wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo nyumbani hawana pa kuokota lugha. Na miaka ile ya kwanza ndiyo mtoto hushika lugha kwa urahisi. Ikipita bure, mwalimu atahangaika sana baadaye.

Basi msingoje umri wa shule. Mkiona mtoto hashtuki kwa kelele, mpelekeni hospitali apimwe masikio, kisha mwulize ofisi ya elimu kilipo kituo cha EARC. Vituo hivyo vya kuwapima watoto na kuwashauri wazazi vilianza nchini mwaka 1984. Nendeni wote wawili. Na msipoteze muda kutafuta ni ukoo wa nani uliokosa: Yesu alipoulizwa hivyo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, aliikataa lawama hiyo kwa mtoto na kwa wazazi pia (Yohane 9).

Kiziwi naye alipoletwa kwake (Marko 7), Bwana alimtenga kando na umati, akamtia vidole masikioni na kumgusa ulimi. Alianza kwa mikono, kwa namna ambayo mtu yule angeweza kuelewa.

Anzeni na machache: maji, njoo, chakula, pole. Likizo hii mtoto awe mwalimu wenu. Nawe baba, jioni mwombe akuonyeshe jina alilokupa kwa ishara. Huenda wenzake shuleni wanalijua tayari.