Miezi Mitatu Nyumbani kwa Elisabeti

Luka ameandika jambo ambalo wengi wetu tunalipita haraka. Malaika alipomjia Mariamu, Elisabeti alikuwa katika mwezi wa sita. Mariamu akafunga safari hadi nchi ya milima, Uyahudi, akakaa huko yapata miezi mitatu. Sita na mitatu ni tisa. Binti yule hakupita kusalimu tu. Alikuwamo katika nyumba ile zile wiki nzito za mwisho, pamoja na mwanamke mwenye umri mkubwa, mimba ya kwanza, na mume aliyekuwa bubu tangu hekaluni, asiyeweza hata kumwambia mkewe pole.

Wimbo wa Mariamu tunauimba, na ni vema. Lakini baada ya wimbo zilifuata siku nyingi za kuteka maji, kupika na kukesha, na naamini huko nako Mungu alitukuzwa.

Wajawazito wetu wanazijua siku hizo. Usingizi unakatizwa na haja ndogo, kiungulia kinapanda, kiuno kinauma. Mtoto akishuka, mama anapumua kwa nafuu lakini kutembea kunakuwa kazi. Tumbo linakaza na kuachia, na mwenye mimba ya kwanza anadhani saa imefika. Uchungu wenyewe huja kwa vipindi vinavyozidi kukaribiana, huongezeka nguvu, wala hautulii akitembea au akigeuka upande mwingine.

Ile tarehe kwenye kadi ya kliniki ni makadirio: siku 280 tangu hedhi ya mwisho ilipoanza. Ni watoto wachache wanaozaliwa siku hiyohiyo. Wengi huja kati ya wiki ya 37 na ya 42. Basi tuache kumwuliza mama mlangoni pa kanisa, “Bado tu?” Akiulizwa hivyo kila siku huanza kuona ana kasoro, na hapo ndipo anapoletewa mitishamba ya kuharakisha uchungu. Nawasihi, msiiguse. Inaweza kukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi hata ukapasuka. Wiki ya 40 ikipita, wa kumwendea ni mkunga.

Kuna jambo jingine katika habari hii ambalo hunigusa kila nikiisoma. Ni Elisabeti aliyetambua kuwa mtoto ameruka tumboni, na Injili inaupokea ushuhuda wake bila kumhoji. Sisi je, tunampokea hivyo mama anayesema, “Leo mtoto hachezi kama jana”? Wako wanaomtuliza kwamba mtoto hunyamaza akikaribia kuzaliwa. Si kweli. Mtoto mzima huendelea kucheza mpaka mwisho, na akipunguza, mama apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ibada inaendelea. Ni vivyo hivyo akitokwa na damu, chupa ikipasuka, akipata homa, au kichwa kikimuuma sana, macho yakiona ukungu, uso na mikono ikavimba ghafla. Hizo za kichwa, macho na uvimbe huweza kutangulia kifafa cha mimba. Tumwombee, naam, tukiwa naye ndani ya gari.

Kwa hiyo naziomba jumuiya zetu zote: wiki hii jueni ni nani kati yenu aliyeingia mwezi wa tisa. Mwenye gari au pikipiki aache namba yake ya simu kwa mama huyo. Ijulikane ni nani atakayelala na watoto wake wakubwa usiku wa safari. Anayeishi mbali na kituo cha afya ahamie mapema kwa ndugu aliye karibu, au kwenye nyumba ya kusubiria uzazi kama hospitali inayo. Baba, weka nauli kando leo, na kliniki ijayo nendeni wote wawili ukamsikie mkunga mwenyewe. Nanyi akina mama mliokwisha kupita njia hii, nendeni mkakae naye, mkamfulie na kumpikia, wala msiwe na haraka ya kuaga.