Usafi na Haki ya Jirani



Baadhi ya watafutao haki hustaajabu kuona kwamba Uislamu hufundisha hata adabu za chooni. Mshangao huu si mpya. Washirikina walimwambia Salman Mfarsi r.a. kwa kejeli kuwa Mtume wake anawafundisha kila kitu, hata namna ya kwenda haja. Salman hakuona haya. Alikiri kuwa ndivyo, kisha akayaeleza mafundisho hayo.

Je, jambo hili ni dogo? Tutazame historia ya Uingereza. Mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi wa saa jijini London, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa choo cha kuvuta maji. Bomba lake lilipindwa ili maji yabaki ndani yake na kuizuia harufu isirudi nyumbani. Uvumbuzi mwema! Lakini uchafu ulikwenda wapi? Vyoo hivyo vilipoenea, mifereji iliumwaga katika mto Thames, na wakazi wengi walikunywa maji ya mto huohuo. Nyumba ya tajiri ikasafika, kikombe cha jirani kikaingia sumu. Kipindupindu kikaua maelfu. Katika joto la mwaka 1858 uvundo wa mto uliwashinda hata wabunge. Ndipo mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mifereji mikubwa ya kuupeleka uchafu mbali na mji.

Sasa pima mwenyewe. Zaidi ya miaka 1,100 kabla ya Cumming, Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. aliwakataza wafuasi wake kwenda haja katika maji yaliyotuama, penye kuchotwa maji, njiani, na kivulini wanapopumzika watu. Hakuleta chombo, alileta haki ya jirani.

Tena Kurani Tukufu (2:223) imewataja pamoja wenye kutubu na wenye kujitakasa kuwa ni wapendwa wa Mwenyezi Mungu. Naye Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika hotuba yake iliyosomwa Lahore Desemba 1896, alieleza kuwa hali za mwili huathiri roho. Basi anayeficha dhambi zake na kuwatwika wengine madhara yake ni kama nyumba ile ya London: ndani inang'ara, mtoni inaua. Toba ya kweli huuacha uovu wenyewe na kumrudishia jirani haki yake.

Ewe mtafuta haki, dini isiyoweza kumwongoza mtu chooni, asipoonekana na yeyote, itamwongozaje moyoni? Mwenyezi Mungu atutakase nje na ndani. Amin.