Nilikuwapo, Langu Halikuwapo

Wajukuu zangu,

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Aibu yangu mimi ni ya namna nyingine: nilikuwapo, na langu halikuwapo. Niliwahi kualikwa kwenye mkutano wa mradi wa umeme. Tukapewa soda, tukaonyeshwa picha ukutani, ikapitishwa karatasi ya mahudhurio. Nikaandika jina na namba ya simu, nikatia sahihi, nikala pilau. Baadaye nikasikia karatasi ile imebandikwa nyuma ya ripoti nene ya Kiingereza, eti ni ushahidi kwamba tumeridhia. Hata kusi huanza mwezi gani sikuulizwa.

Basi la kwanza: kuhudhuria si kuridhia. Someni kichwa cha karatasi kabla ya kushika kalamu.

La pili: dai lenu lisiishie kwenye mkutano wa utambulisho. Hapa kwetu Lamu, mtambo wa makaa ya mawe wa takriban megawati 1,000 ulipangiwa Kwasasi, ukapewa leseni ya mazingira mwaka 2016. Wenyeji wakakata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la mazingira likaifuta leseni hiyo. Miongoni mwa sababu kubwa ni kwamba mikutano ilifanywa kabla ya utafiti wa athari. Ulipokamilika, watu hawakurudiwa ipasavyo kuelezwa umeona nini.

La tatu: neno "safi" lisiwazibe midomo. Mvua zimevunja miadi na jua limezidi ukali, kwa hiyo kuachana na makaa nakubali. Lakini nguzo ya upepo nayo husimama kwenye shamba la mtu. Kule Kinangop, mradi wa upepo wa megawati 60 ulikwama mwaka 2016 baada ya mvutano na wenyeji juu ya ardhi yao.

La nne, na ndilo zito: nendeni na ujuzi, si hasira tu. Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti itengeneze mpango wake wa kawi. Uombeni ungali rasimu, kisha mketi na wanaojua. Mvuvi atawaambia barafu ikikosekana samaki huharibika saa ngapi. Mama wa mahamri atawahesabia kuni za wiki. Nahodha atawaonyesha bamvua siku hizi linafika wapi, msije mkakubali transfoma iwekwe mahali ambapo maji yataifuata.

Mkishasema, msiondoke. Ombeni kumbukumbu za mkutano zisomwe kwa Kiswahili, msikie kama maneno yenu yamo. Yakiwamo, tieni sahihi. Yasipokuwamo, rudisheni kalamu.

Pilau kuleni. Kosa langu halikuwa kula.