Liemba na Mashine za Michezo ya Kale

Ni nini kinachokifanya kitu cha kale kiendelee kuwa kile kile? Tuitazame meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa Kigoma kwa bahari na reli. Mwaka 1915 iliingia ziwani kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha walipokuwa wakikimbia. Lakini kwanza mafundi walizipaka injini zake grisi nyingi. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, injini zile zilikuwa bado zafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, na katika miaka ya 1970 ikatiwa injini za dizeli. Mimi nasema ni meli ile ile, maana bandari za ziwa ziliendelea kuiita, nayo ikaitika.

Swali hilo limewafikia pia wanaohifadhi michezo ya kale ya kompyuta, ila kwao kilichokwisha kutoweka ni mwili. Mashine ya PlayStation ya mwaka 1994 huigwa yote kwa programu ndani ya kompyuta ya kawaida. Lakini mashine yenyewe ilikuwa na amri za msingi zilizotiwa kiwandani katika kipande kimoja cha kumbukumbu. Amri hizo ndizo zilizoiamsha, zikaikagua diski, na kuujibu mchezo kila ulipotaka huduma. Zisipokuwapo, wala nyingine za kushika nafasi yake, mchezo huita na asiwepo wa kuitika.

Nazo zina mwenyewe. Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda programu za kompyuta kama vitabu. Huko Marekani kampuni ya Connectix ilizichunguza amri za Sony, kisha ikaandika za kwake zenye kuitika miito ile ile. Na mwaka 2000 mahakama ya rufani iliamua kwamba kuzinakili kwa ajili ya uchunguzi huo hakukuwa kosa. Naiona njia hiyo kuwa ya haki kuliko kuchukua za mwenyewe bila ya idhini. Ndiyo dizeli ya Liemba.

Hata hivyo sheria haimalizi swali. Mtu aliyeacha kukitengeneza kitu na kukiuza, kisha akawakataza wengine wasikitunze, ana wajibu gani kwa wale waliokua nacho? Wajerumani hawakupaka grisi ile kwa kutupenda sisi, walitumaini kurudi. Hawakurudi, na abiria wa Kigoma, Karema na Kasanga wakasafiri kwa injini zile kwa karibu nusu karne.