Mkono Usitangulie Macho

Katika mashindano ya sataranji ya vijana kuna sheria kali: ukigusa kete yako, uicheze. Mtoto ananyoosha mkono, kidole kinagusa farasi, na papo hapo anaona: akimsogeza, malkia ataliwa. Amechelewa. Wapo wasemao huu ni ukatili kwa watoto. Mimi naona ni heshima, kwa sababu uamuzi wa mtoto unapewa uzito uleule wa mtu mzima. Watoto wa Katwe, mtaa wa kimaskini jijini Kampala, akiwemo Phiona Mutesi aliyekuja kujulikana kwa sataranji, walijifunza mchezo huu kwa kocha Robert Katende huku wakipewa uji. Mashindanoni, ufukara haukuwaondolea sheria hiyo. Tena sheria haimkatazi mtu kusita. Saa inatembea, ndiyo, lakini mkono una ruhusa ya kukaa mapajani mpaka macho yamalize kazi. Leo kazini, ujumbe wa kuudhi ukiingia, ruhusa hiyo unayo.