Jino Nililolificha

Kuna jino moja la chuma ambalo bado linanisumbua. Lilikuwa moja kati ya meno 35, kwenye gurudumu lenye ukubwa wa kisahani cha chai, na nililikata mimi mwenyewe kwa msumeno na tupa katika gereji ya jua kali mjini Mombasa.

Mzee mmoja wa Garsen alituletea pikapu yake kuukuu ya Toyota. Kabureta ilikuwa imechoka na petroli ilikuwa inaisha kama maji ya mtungi uliotoboka. Alikuwa amesikia kwamba siku hizi injini ya zamani inaweza kuwekewa mfumo wa kompyuta, ile inayopima mafuta yenyewe na kuyapulizia ndani. Akauliza kama tunaweza. Tukasema tunaweza, na kweli tulikuwa tunaweza.

Shida ni moja. Kompyuta haioni. Ili ijue wakati wa kupuliza mafuta na wa kutoa cheche, lazima iambiwe krenki imefika wapi katika mzunguko wake. Injini ile haikutoka kiwandani na kifaa cha kuiambia, kwa hivyo unakitengeneza. Unachukua kisahani cha chuma, unagawa ukingo wake nafasi 36 za nyuzi 10 kila moja, unachonga meno, kisha jino moja unaliondoa makusudi. Sensa inakaa pembeni, kama milimita moja kutoka kwenye meno, ikihesabu yanavyopita. Meno yote yangekuwepo, kompyuta ingejua mwendo tu. Lile pengo ndilo linaloiambia: hapa ndipo mwanzo.

Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 50 kwa sekunde. Nyuzi moja inapita katika sehemu moja ya 18,000 ya sekunde. Na mimi nilikuwa na tupa, karatasi ya mchoro iliyogandishwa kwa gundi, na jicho langu.

Nilifanya kazi siku mbili. Kwenye jino la 22 tupa iliteleza, nikalila kichwa. Likabaki fupi kuliko wenzake, kidogo tu. Nililiona. Ilikuwa Ijumaa jioni, mzee alikuwa kwenye benchi tangu asubuhi, na safari ya kurudi kwao ni zaidi ya kilomita 200. Kuanza upya ni siku mbili nyingine. Nikachukua rangi nyeusi ya kupuliza, nikalipaka gurudumu zima. Lilipendeza. Injini ikawaka mara ya kwanza. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, “Mungu akubariki, mwanangu.”

Nilikula chakula cha jioni vizuri tu siku hiyo. Sitaki kujifanya kwamba dhamiri iliniuma. Haikuniuma.

Ilikuwa miaka michache baada ya mashambulizi ya 2014 upande wa Lamu. Barabara ya Garsen kwenda Lamu magari yalikuwa yakienda kwa msafara, polisi mbele na nyuma. Mzee alikuwa anapeleka maembe Mokowe, yakavushwe kisiwani. Siku moja upande wa Gamba akazima gari akisubiri msafara ujipange. Ulipoanza kuondoka, gari likakataa kuwaka. Msafara haumngoji mtu mmoja. Ukaondoka.

Alinipigia simu jioni, akiwa amekokotwa hadi Minjila. Hakuna aliyemdhuru. Maembe ndiyo yaliyoharibika. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. Alisema, “Mwanangu, samahani kukusumbua. Nadhani nimelikosea hili gari. Mambo ya kompyuta haya, sisi wazee hatuyajui.”

Hapo ndipo iliponiuma.

Nilijua papo hapo kilichotokea. Sensa ya aina ile hutoa mawimbi dhaifu injini ikizunguka polepole. Gereji tulikuwa na betri iliyojaa. Gamba betri ilikuwa imechoka, stata ikavuta kwa taabu, na jino fupi halikuonekana. Kompyuta ikaona mapengo mawili badala ya moja. Ikapotea, na ikipotea haitoi cheche.

Lakini sikusema uongo, sivyo? Hilo ndilo nililojiambia kwanza. Mzee hakuniuliza kama meno yote yako sawa. Angeuliza ningemjibu ukweli, naapa. Nimelizungusha swali hili muda mrefu, na jibu langu ni kwamba huo ni utetezi wa mwizi. Hakuuliza kwa sababu hakujua kwamba kuna cha kuuliza. Anayeweza kuuliza swali ni yule tu anayejua vya kutosha, na mimi ndiye niliyekuwa najua.

Fikiria kabureta yake ya zamani. Mbovu, sawa, lakini ilikuwa wazi kwake. Ikiziba kando ya mto Tana, anaifungua kwa bisibisi, anapuliza jeti kwa mdomo, anaendelea na safari. Na fundi akimfanyia kazi mbovu, anaiona kwa macho yake na anagomba. Mimi sikumwondolea kabureta peke yake. Nilimwondolea uwezo wa kunihukumu. Ndiyo maana gari lilipokufa alimhukumu mtu pekee aliyebaki: yeye mwenyewe.

Rafiki yangu mmoja hakubaliani nami. Anasema sote tunatumia vitu tusivyovielewa. Nani kati yetu anajua ndani ya simu yake kuna nini? Tunatuma pesa kila siku bila kujua zinapita wapi. Kwani kila mtengenezaji awe mtumwa wa ujinga wa mteja?

Ana hoja. Ila simu imo mikononi mwa mamilioni ya watu. Ikiwa na kasoro, kuna wa Nairobi atakayelalamika, wa Muscat atakayepiga kelele, na mwishowe mtu mahali fulani atafungua na kuangalia. Ujinga wangu unalindwa na macho ya wengi. Gurudumu la mzee lilikuwa moja tu duniani. Halina namba ya spea, halina kitabu. Macho yaliyoliona kabla ya rangi yalikuwa mawili, yangu. Ukitengeneza kitu cha namna hiyo, wewe ndiye fundi, ndiye mkaguzi, na ndiye shahidi. Wazee wetu wa pwani wana neno lake, amana: kitu cha mtu kilichoachwa kwako, naye hana njia ya kujua unakifanyia nini.

Na si magurudumu tu. Wewe unayefunga nyaya za stima ukutani kisha ukapiga plasta juu yake. Wewe unayeandika programu ya kuamua nani apewe mkopo. Kila mmoja wetu ana kopo lake la rangi nyeusi.

Nilichonga gurudumu jipya, safari hii kwa lethi na mashine ya kugawa, nikapanda basi hadi Garsen. Nilimkuta mzee chini ya mwembe. Shikamoo, marahaba, chai. Kisha nikamwekea magurudumu yote mawili kwenye mkeka, la zamani nimelikwangua rangi, nikamwonyesha jino la 22. Nikamwambia nililiona siku ileile.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye meno, moja baada ya jingine, mpaka akafika penye nafasi tupu.

“Na hapa pia uliharibu?”

“Hapana, baba. Hilo pengo ni la kazi.” Nikamweleza, taratibu, lilivyo na maana yake, na namna ya kuangalia sensa kama imelegea.

Akasikiliza yote. Pesa za maembe nilizompa akazihesabu, akazitia mfukoni bila kusema asante, na alikuwa na haki. Kisha akalichukua gurudumu jipya na kulileta karibu na macho. Akaanza kuhesabu meno mwenyewe, kwa sauti, kutoka moja. Nilikaa pale nikamngoja mpaka akamaliza.