Je, Bado Ni Injini Ileile?

Injini ya pikipiki ya zamani ikiandaliwa kwa mbio za mita 402 za mstari mnyoofu, kazi huanzia kwenye silinda. Honda CG125 ilitoka mwaka 1976, na muundo wake umenakiliwa katika pikipiki nyingi za Kichina zilizoenea Tanzania. Pistoni yake ina kipenyo cha milimita 56.5 na husafiri milimita 49.5. Ikiwekwa silinda ya milimita 62, cc 124 huwa 149. Kisha silinda hedi husagwa ili mgandamizo upande, hufuata kabureta kubwa, kemshafti, klachi, mwishowe krankshafti. Kinachobaki cha asili ni kasha lenye namba iliyogongwa, na kwa kadi ya usajili hiyo inatosha.

Mwandishi wa kale Plutarch aliandika juu ya meli ya shujaa Theseus, ambayo Waathene waliibadilishia mbao zilizooza moja baada ya nyingine. Mwaka 1655 mwanafalsafa Thomas Hobbes aliuliza: mbao zilizotolewa zikiunganishwa upya, meli ya kweli ni ipi? Gereji ya Bukoba haisumbuliwi sana na fumbo hilo, maana pistoni kuukuu huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kuhusu fumbo hilo, kibanja cha Muleba, yaani shamba la migomba la ukoo, kinafundisha zaidi. Kila mgomba huzaa mkungu mmoja, hukatwa, na chipukizi hushika nafasi yake. Hata pasipobaki shina alilolijua babu, kibanja ni kilekile: wazee wamezikwa humo, warithi wanakula humo. Lakini kikifyekwa na kupandwa mikaratusi, udongo haujahama, ila ukoo utasema kibanja kimekwisha.

Kwa kipimo hicho cha kibanja, kinachoifuta injini ya zamani ni kubadilishiwa kazi, wala si kubadilishiwa vipuri. CG125 iliundwa ivumilie mizigo na matunzo haba. Ya mashindano hutoa nguvu zake zote kwa sekunde chache, kisha hufunguliwa tena.

Burt Munro wa New Zealand anakitia kipimo hicho doa. Indian Scout yake ya mwaka 1920, yenye cc 600, aliichonga kwa miongo kadhaa, akimimina pistoni mwenyewe, hadi ikafika karibu cc 950 na kuweka rekodi ya kasi huko Bonneville, Marekani, mwaka 1967. Kazi ilibadilika kabisa, lakini ni vigumu kusema ile ilikuwa pikipiki nyingine, kwa kuwa kila badiliko lilipita katika mkono uleule na linasimulika. Masimulizi hayo ndiyo yanayokosekana kwenye kadi. Mnunuzi wa injini iliyochongwa huoneshwa namba tu, haambiwi kilichotolewa ndani yake wala aliyekitoa.